Siku Uliyopanda Juu ya Meza ya Samaki

Kisangani, jioni, kabla ya magharibi

Riziki mwanangu,

Nyumba imejaa. Matante zako, mashangazi na mama wadogo, wameshika uwanja wote, mmoja anatwanga ndizi za lituma, mwingine anagombana na moto, na wewe umeenda kuaga majirani, utarudi tumbo limejaa chai ya kila nyumba. Mimi nimejifungia chumbani. Nimewaambia natafuta shali. Wanajua naongopa. Naandika kwa sababu nikisema nitalia, na nikilia nakasirika, na nikikasirika unanijua mwenyewe.

Naandika kwa Kiswahili cha shule, kile ambacho babu yako alitupigia fimbo ili tusikiharibu, si kile cha soko. Kitateleza tu. Usicheke. Bon, cheka kidogo.

Sitakuambia uvae sweta ukipita Bunia, wala usinywe maji ya njiani, wala pesa uifiche wapi. Hayo tante Zawadi atakuambia mpaka gari iondoke, na atakimbia kando ya dirisha akiendelea. Papa yako naye iko Barumbu kwa samaki, akipanda mahali penye réseau ya simu atakupigia na atayarudia yote. Mimi nataka kuongea nawe juu ya Jumatatu peke yake.

Jumatatu, Mungu akipenda, utakaa mbele ya wale watu wa shule ya wakalimani kule Kampala, na watakuambia kwa Kiingereza: tueleze jinai moja uliyoiona kwa macho yako, ilianza vipi, iliisha vipi. Ukieleza vizuri, umeingia. Ukishindwa utarudi, tutakula samaki, maisha yataendelea. Lakini nakujua, mwanangu. Ukirudi hivyo hutaondoka tena. Utakaa nyuma ya meza yangu na lugha zako zote kinywani, Kilokele cha watu wa Yanonge, Lingala, Kifaransa, na hicho Kiingereza, na utakuwa unazitumia kuambia watu kwamba samaki haijaoza. Ndiyo sababu moyo wangu haukai.

Na najua unachowaza kuwaambia. Kile kisa cha kitabu. Majambazi wamefunika nyuso, wanaingia banki, wanatoka na mifuko, polisi wanafika. Umekikariri hadi ndotoni, nakusikia nyuma ya ukuta. Kila kitendo umekiweka mahali pake, kilichokuwa kinaendelea, kilichokuja kukikata, kilichokuwa kimeisha zamani. Kingekuwa mchele hakuna jiwe hata moja.

Lakini kumbuka yule mama wa Uganda ambaye Maître Espoir, mwalimu wetu wa Kiingereza, alimleta darasani kutujaribu. Ulisimama, ukaanza na banki yako, unakwenda vizuri, mimi nyuma pale natafuna ncha ya shali kwa fahari. Halafu yeye akakukata, kwa upole kabisa, akauliza: mlango wa hiyo banki ulikuwa rangi gani? Swali la mtoto! Ukaangalia dari, ukaangalia miguu, ukakaa chini. Kesho yake ukaniambia, "Mama, sitaenda tena, nitawapa aibu."

Niliwaza sana juu ya ule mlango. Wewe si mjinga, Riziki. Haukuweza kujibu kwa sababu hakukuwa na mlango. Haujawahi kusimama mbele ya banki ile. Kisa cha kuazima ni kama kiatu cha kuazima, kinakutosha mpaka mtu akuambie ukimbie.

Sasa mimi nina kisa kingine. Tena si changu, ni chako. Tangu siku ile hatujakitaja, mimi na wewe, tunakizunguka tu kama watu wanaozunguka shimo kwenye barabara. Leo nitaingia.

Unakumbuka arusi ya binti wa Mama Antho, mwenzangu wa meza ya pili. Sisi wote tulishona kikwembe kimoja, kitenge cha kijani chenye ndege wa njano, na tulipendeza, hata wewe ulikubali kupigwa picha. Arusi ikapita. Mabaki ya kikwembe nikayapasua vipande vipande nikawa nafungia magunia yangu, ili pirogi, ile mitumbwi ya mizigo, zikifika kutoka Yanonge nitambue mali yangu kutoka mbali. Bandarini hata wabebaji walijua: ndege wa njano, ni Mama Riziki. Niliona nimekuwa na akili kuliko wanawake wote wa mto. Haikunipitia kichwani kwamba Mama Antho ana kikwembe kilekile, na mabaki yaleyale, na kichwa kama changu.

Siku ile nilienda kuswali adhuhuri, nikakuachia meza. Narudi, maji ya udhu hayajakauka miguuni, naona toleka moja inatoka kwenye kichochoro chetu. Baiskeli kuukuu ya kubeba watu na mizigo, kijana mwembamba juu yake, gunia nyuma. Na kwenye shingo ya gunia, ndege wangu wa njano.

Sikuangalia chini ya meza. Sikukuuliza wewe uliyekuwa pale. Mimi ninayewaambia kila siku "hasira, hasara", nilifungua kinywa nikapiga kelele: "Mwizi! Mwizi huyo!"

Soko letu unalijua. Neno lile ukilitoa hauwezi tena kulirudisha. Sijamaliza kulisema mara ya pili, yule kijana alikuwa chini, baiskeli iko chini ya miguu ya watu. Wabebaji wa unga, wauza nyanya, hata mzee mmoja aliyekuwa anachagua sindano za kushonea, wote juu yake. "Mupige! Muvunje mikono!" Naye analia, "Ba mama, ni gunia ya Mama Antho, muulize yeye!" Na Mama Antho amekwisha kushuka bandarini.

Sikiliza sasa, hii ndiyo sehemu nisiyopenda. Nilifika, nikaona damu kwenye kinywa chake, na nikaendelea kupiga kelele. Nilikuwa na furaha, Riziki. Nilikuwa najisikia napendwa, naona watu wote wale wananisaidia mimi. Ndivyo ilivyokuwa, sitaipaka sukari.

Ndipo nikasikia sauti juu ya kichwa changu. "Munyamaze! Mimi niliona!"

Ulikuwa umepanda juu ya meza. Samaki zangu chini ya miguu yako! Wewe, mtoto unayesalimia wageni kwa kidevu, bila kufungua kinywa. Ukasimama pale, mkono mmoja umeshika nguzo ya paa, ukasema yote kwa mpangilio wake:

"Mama alienda kuswali. Nyuma yake Mama Antho akaita huyu papa wa toleka. Huyu papa akauliza gunia ni gani, Mama Antho akamuonyesha na kidole. Ile kitambaa ni Mama Antho alifunga, ni mimi nilishika kinywa ya gunia. Gunia ya mama haijatoka. Iko hapa chini. Muinue mbashi muangalie."

Mtu mmoja akainua mbashi, ile plastiki ya bluu, na gunia langu likaonekana pale pale, limelala kama paka, na ndege wake wa njano shingoni.

Bado kulikuwa na yule mbebaji mkubwa mwenye fimbo mkononi, hakutaka kuishusha. Akakuuliza kwa ukali, "Wewe mutoto, uko wa nani?"

Ukanyoosha kidole. "Wa huyu mama mwenye analalamika."

Eh! Soko zima lilicheka. Kicheko kile ndicho kilichomwokoa yule kijana, maana mtu akicheka mkono unalegea. Fimbo ikashuka. Wakamwinua, mmoja akampa maji, mwingine akaanza kunyoosha gurudumu lake. Na mimi nilitamani udongo unimeze.

Kama ningekuwa mama mwenye busara, jioni ile ningekukumbatia. Lakini nilikuwa na aibu, na aibu yangu, unajua, inavaa nguo za hasira. Tulipofika nyumbani nilikuambia, "Siku ingine mama yako akisema, wewe unafunga kinywa. Umenivua nguo mbele ya watu." Ukajibu, "Ndiyo, mama." Ukaenda kuosha sahani.

Na ukafunga. Mtoto mtiifu, nilikuambia ufunge kinywa, ukakifunga na kufuli. Wateja wakawa wanakuuliza bei, unanitazama mimi kwanza. Wanawake wa soko wakanisifu, "Mutoto wako iko na heshima!" Nami nikapokea sifa. Heshima gani? Ilikuwa woga, na nilikupa mimi.

Kwa yule kijana nilikwenda. Hilo haukulijua vizuri. Nilikwenda na Mama Antho mpaka kwake, mtaa wa Mangobo, kila mmoja na fungu la samaki, hatuangaliani njia nzima. Nilifikiri atatufukuza. Bosco, ndilo jina lake, alitutolea kiti, akakaa yeye juu ya kinu. Mdomo ulikuwa bado umevimba. Nikaanza kuomba msamaha, nikachanganya Kiswahili na Lingala na machozi, akanikatisha: "Mama, niko nasikia maumivu, siwezi kukudanganya. Siku ingine uangalie kwanza. Lakini yule mutoto wako, ni yeye alinizala mara ya pili." Nilikunywa maji yake, nikarudi. Maneno yale sikukufikishia. Kila siku nilijiambia kesho. Nilijua nikikuambia alichosema, itabidi nifute nilichosema mimi, na kufuta mbele ya mtoto wako si kazi ndogo.

Halafu likaja darasa la Kiingereza. Unadhani nilikuja kukusindikiza kwa sababu ya giza la njia ya kurudi. Siku za kwanza, ndiyo. Baadaye nilikuja kwa sababu nilipenda. Nilikaa nyuma na shali yangu kama mkaguzi, na Maître Espoir, kijana wa watu wa Bukavu, hakunifukuza, akaniita "my mother" mpaka darasa zima likaniita hivyo.

Siku alipofungua somo la jinai nilicheka mpaka nikashika mbavu. Anaandika ubaoni: thief. Sawa, mwizi. Lakini ngoja! Anayekutoa kitu mfukoni sokoni ana jina lake. Anayeingia nyumbani kupitia dirisha ana jina lake. Anayekunyang'anya kwa nguvu ana lake, na anayeficha sabuni dukani ana lake. Nikauliza, "Maître, hawa Waingereza wanaibiwa mara ngapi?" Kwetu sisi mwizi ni mwizi, ukimpata unampiga.

Kisha akaandika suspect. Akaeleza: huyu ni mtu anayeshukiwa tu, bado haijulikani kama ni yeye. Kicheko changu kikaishia hapo. Katika soko letu kuna mwizi na kuna mtu mwema, katikati hakuna hata nafasi ya kusimamisha baiskeli. Bosco alikuwa mtu wa hapo katikati, na mimi nilimrusha upande mmoja kwa neno moja.

Halafu akaandika witness. Akasema, huyu ni aliyeona, na anasema alichoona. Nikaangalia shingo yako, maana ulikaa mbele yangu. Haukugeuka. Uliandika tu, taratibu. Nilitaka kunyoosha mkono niwaambie wote, jamani, huyu hapa, mnaye. Nikatafuna shali.

Ukumbuke pia siku nilipokuwa mwizi wa mwavuli wa Maître na wewe polisi. Ukaniuliza kwa Kiingereza, jana saa sita ulikuwa unafanya nini? Nikajibu nilikuwa nalala. Na kabla ya hapo? Kabla ya hapo nilikuwa nimelala. Na wakati mwavuli ulipopotea? Nikasema nilikuwa nimeanza kulala tena. Maître alikaa chini kwa kicheko. Wewe pia ulicheka, Riziki, meno yote nje, ukanipigia kelele, "My mother, you are lying!" Sauti ile niliitambua. Ilikuwa ile ya juu ya meza. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, haijafa, iko imejificha tu.

Maître alichora mstari mrefu ubaoni siku ile, akasema kitu ambacho nimekishika. Alisema kazi ya mkalimani mahakamani si kupamba maneno. Ni kulinda mpangilio: nini kilitangulia, nini kilikuwa kinaendelea, nini kikaja. Ukiuvuruga, mtu analala gerezani. Wote wakaandika. Mimi sikuandika. Nilikuwa nimekwisha kuona mtu anaokolewa kwa mpangilio, na aliyeupanga alikuwa hajui hata neno moja la Kiingereza.

Donc, basi, Jumatatu. Iache banki. Wape soko letu. Waambie mama yako alikuwa amekwenda kuswali, waambie Mama Antho alikuwa ameshafunga gunia, waambie kijana alikuwa anatoka kichochoroni mama yako alipopiga kelele. Wakikuuliza rangi ya kitambaa, unaijua. Wakikuuliza harufu ya mahali, Mungu wangu, hiyo utawapa hadi waombe maji. Hakuna swali watakalokuuliza kuhusu siku ile ambalo litakukuta bila mlango.

Kiingereza kitakutoroka hapa na pale. Kitoroke. Unarudi nyuma, unakishika mkia, unaendelea. Sokoni pia uliogopa, niliona ulivyoishika ile nguzo, nilikuwa chini pale. Uliogopa na ukasema vilevile.

Na mimi usinifiche. Nakujua, utataka kunifunika, utasema "mwanamke mmoja alipiga kelele". Hapana. Sema mama yangu. Wakunje nyuso, wanifikirie wanavyotaka, mimi niko mbali na nina samaki za kuuza. Heshima yangu usiibebe mpaka Kampala, ni nzito na haina faida njiani.

Na lile neno nililokuambia jioni ile, la kufunga kinywa, leo nalirudisha. Lilikuwa neno baya, nilikosea. Ulikuwa na haki mbele ya watu wote, na ningepaswa kukuambia siku ileile. Nimekawia. Unisamehe, mwanangu, mama yangu mdogo. Kinywa chako kifungue, kwangu pia. Ukiniona napotea, hata mbele ya soko zima, panda meza.

Kesho alfajiri, tukimaliza kuswali, Bosco atakuja kuchukua valizi yako, lile sanduku la safari, mpaka pale gari linapopakia. Hakuna aliyemwita. Alisikia kwa Mama Antho kwamba unasafiri, akaja leo asubuhi kuipima, akatingisha kichwa akasema, "Huyu mutoto anabeba nyumba muzima." Ameifunga na kamba kwa mazoezi, akafungua. Mpe mkono wakati wa kuagana. Yeye pia ana neno la kukuambia, mimi nimekwisha kulichelewesha vya kutosha.

Utaona nimefunga kipande cha kikwembe kwenye mkono wa valizi. Ni cha mwisho, kijani, ndege mmoja na nusu. Ni ili uitambue kati ya mizigo ya watu mpakani. Lakini ukiona mtu anaondoka na valizi yenye ndege wa njano, tafadhali, angalia kwanza chini ya miguu yako.

Tante Zawadi anagonga mlango, anauliza kama shali imeonekana. Nasikia sauti yako uwanjani, umerudi, unacheka. Natoka.

Ni mimi, mama yako, yule mwenye alikuwa analalamika.